Sikukuu ya Vizuka na Watoto Wetu

Mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba 2024 binti mmoja wa jamaa zetu, mwenye umri wa miaka 9, alirudi kutoka shuleni na karatasi katika mkoba wake. Juu yake ilichorwa picha ya boga lenye macho na meno, na chini yaliandikwa maneno ya kuwaarifu wazazi kwamba tarehe 31 ya mwezi ule shule itafanya sherehe ya Halloween. Basi kila mtoto aje amevaa mavazi ya kutisha, achukue peremende za kugawana na wenzake, na alipe shilingi 20,000 kwa ajili ya mapambo. Shule hiyo i mjini, nasi hatutaitaja, maana hatuna ugomvi nayo, na shule za namna yake ni nyingi, kutoka Tanga hata Dar es Salaam, na kutoka Mombasa hata Nairobi.

Baba yake alitupigia simu usiku ule ule. Hakutaka hotuba. Alitaka neno moja tu: amruhusu au amkataze? Nasi tulimjibu upesi, kama ajibuvyo mtu ambaye si yeye atakayemtazama mtoto usoni asubuhi: mkataze. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, kaka, nimesikia," akakata simu. Baadaye tulipata habari kwamba alimruhusu. Makala haya yametokana na mambo tuliyoyaona baada ya hapo, na kwa kujiuliza kama jibu letu lilikuwa la elimu au lilikuwa la uvivu.

Yafaa kwanza tujue sikukuu hii imetoka wapi, maana wengi katika sisi huikataa bila kuijua, na wengi huifuata bila kuijua vile vile. Wazee wa Ireland, kabla hawajaingia katika dini ya Kikristo, waliugawa mwaka wao sehemu mbili, sehemu ya mwanga na sehemu ya giza, na mwisho wa Oktoba ulikuwa ndio mlango baina ya sehemu hizo. Mavuno yamekwisha kuingizwa ghalani, ng'ombe wamekwisha kuteremshwa kutoka malisho ya milimani, majani ya miti yapukutika, na kila siku jua huzama mapema kuliko jana. Usiku huo waliuita Samhain, na walidhani kwamba pazia baina ya walio hai na waliokufa huwa jepesi usiku ule kuliko siku zote. Kanisa lilipopata nguvu, katika karne ya 8 na ya 9, liliiweka tarehe 1 Novemba iwe siku ya kuwakumbuka watakatifu wote, na baadaye tarehe 2 ikawa siku ya kuwaombea wafu. Mkesha wa siku ya watakatifu ndio uliozaa jina la Halloween. Huko Uingereza maskini walikuwa wakipita nyumba hata nyumba katika siku hizo, wakapewa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea maiti wa wenye nyumba. Msomaji atakumbuka hitima zetu. Na ikiwa masheikh wamebishana juu ya hitima miaka mingi, ajue kwamba na Wakristo wa Ulaya walibishana, tena vikali, juu ya kuwaombea wafu.

Taa za kutisha Waairishi walizichonga katika mzizi mnene wa jamii ya figili, si katika boga. Boga liliingia baadaye. Njaa kubwa ya viazi ya mwaka 1845 hata 1852 iliwatoa watu wengi makwao, wakahamia Marekani pamoja na desturi zao, na huko wakakuta boga, ambalo ni zao la asili la bara lile, kubwa, na rahisi kuchonga. Na huko huko, katika karne ya 20, wafanya biashara waliutupia macho usiku huu. Wakauza peremende, mavazi, mapambo ya nyumba, na filamu. Mwaka 2023 shirikisho la wauza rejareja la Marekani lilikadiria kwamba watu wa nchi ile wangetumia dola bilioni 12.2 kwa ajili ya Halloween ya mwaka ule mmoja. Sikukuu iliyoanza kwa hofu ya baridi na njaa imekuwa zao la kuuzwa, na zao la kuuzwa halikai mahali pamoja, hupakiwa.

Ndipo lilipotufikia sisi. Na hapa yafaa tumwambie msomaji jambo ambalo huenda asilitazamie katika kurasa hizi: kuwa kitu kimetoka ugenini si sababu ya kutosha ya kukikataa. Boga lenyewe ni mgeni. Lilivuka bahari kutoka Marekani, likapandwa katika mashamba yetu, na leo ni nani awezaye kusema futari bila ya kulifikiri boga la nazi? Lilikuja likawa letu kwa sababu lilikubali udongo wetu na mvua zetu. Swali ni kama Halloween nayo imekubali udongo, au imefika ndani ya boksi la plastiki na itabaki humo.

Tarehe 31 Oktoba, Dublin, jua huzama yapata saa 11 za jioni, na usiku uliobaki ni mrefu na wa baridi. Siku hiyo hiyo katika Australia na Afrika Kusini majira ya kuchipua yameshika. Miti ina majani mapya, na watoto wenye vinyago vya vizuka hutembea katika mwanga wa jua. Nasi katika Tanga? Tu kusini ya ikweta, lakini karibu nayo mno hata siku ndefu ya mwaka na siku fupi ya mwaka hazipishani saa moja. Jua letu huzama baada ya saa 12, kama lilivyozama mwezi uliopita na kama litakavyozama mwezi ujao. Mwisho wa Oktoba kwetu si kufa kwa mwaka. Ni wakati wa kutazamia vuli. Mkulima wa Usambara amekwisha kulima, atazama mawingu. Kumwambia kwamba huu ndio usiku wa giza na majani makavu ni kumwambia hadithi ya nyumba ya mtu mwingine.

Tulikwisha kuyaona haya katika Krismasi, pale maduka ya Dar es Salaam yanapotandaza pamba juu ya miti ya plastiki ili ifanane na theluji, na huku jasho lamtiririka muuzaji. Lakini Krismasi kwa majirani zetu Wakristo ni ibada, na pamba ile ni pambo tu juu ya ibada. Wala si kazi yetu kuicheka. Halloween haina hata hilo. Mapadri na wachungaji wengi wa hapa kwetu hawaitaki kama tusivyoitaka sisi. Imeletwa na hoteli, maduka makubwa, kumbi za muziki, na shule zinazofuata mtaala wa ng'ambo.

Kuhusu majira, twapenda kuwakumbusha wasomaji neema ambayo mara nyingi hatuifikiri. Mwenyezi Mungu ameijaalia miezi miandamo kuwa vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija, na mwaka wa mwezi hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa sababu hiyo sikukuu zetu huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33. Hakuna nchi ambayo Ramadhani ni yake kwa kuwa ina theluji, wala nyingine ambayo ni yake kwa kuwa ina jua. Aliyefunga siku ndefu za kiangazi huko London hungoja, na zamu yake ya siku fupi huja. Mwaka 2006 Idi el-Fitri iliangukia siku za mwisho za Oktoba, karibu na siku hizi hizi za Halloween. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, katikati ya masika, na wengi tuliisali Idi huku kanzu zimerowa matope. Hakuna aliyelazimika kujifanya yuko mahali asipokuwapo.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo kichwani tulipomwambia yule baba amkataze mtoto. Ni hoja nzuri, na bado twaziona nzuri. Lakini mtoto wa miaka 9 haulizi habari ya ikweta. Auliza: wenzangu wote watacheza, mimi nitakaa wapi?

Na swali hilo halikukosa jibu katika mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Imepokewa kwamba alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, naye hakuwaambia kwamba mchezo umekwisha. Aliwaambia kwamba Mungu amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora, Idi mbili tuzijuazo. Aliondoa, akaweka. Na siku ya Idi Wahabeshi walipocheza kwa mikuki na ngao msikitini, alimsitiri Bibi Aisha ili apate kutazama mpaka mwenyewe alipotosheka. Sisi mara nyingi twaondoa bila kuweka. Twamwambia mtoto hili haramu, lile upotevu, kisha twamwacha amekaa sebuleni akiutazama ukuta.

Wala si kwamba hatuna cha kuweka. Desturi ya mtoto kupita nyumba hata nyumba akapewa kitu ni yetu kabla haijaonekana kwenye televisheni. Nani katika wasomaji wetu hakumbuki asubuhi ya Idi, nguo mpya zinanukia dukani, akaenda kwa shangazi, kwa mjomba, kwa jirani wa mlango wa tatu, kila mahali anapewa mkono wa Idi, na mwisho anaketi barazani anahesabu sarafu? Jamaa zetu walio Oman watatuambia habari za Qaranqasho, usiku wa katikati ya Ramadhani, watoto wanapopita mitaani wakiimba na kupewa peremende na njugu. Pale mlango hufunguliwa kwa salamu, wala hakuna anayemtisha mwenye nyumba.

Walakini yatupasa tuseme kweli. Ndugu mmoja aliyekaa Uingereza zaidi ya miaka 20 alitwambia kwamba katika mtaa wake usiku wa Halloween ndio usiku pekee ambao majirani hugonga mlango wake. Mwaka mzima ni kupungiana mikono kutoka ndani ya gari. Miaka ya kwanza alikuwa akizima taa na kuwaambia watoto wanyamaze, wakajificha ndani ya nyumba yao wenyewe kama wenye deni. Kisha mkewe akaona haya. Akaweka kikapu cha tende na chokoleti nje ya mlango, na siku hizi hufungua, akawasalimu watoto, akawaulizia mama zao. Watoto wake mwenyewe hawavai chochote wala hawaendi. Tulimwuliza kama moyo wake umetulia. Alisema haujatulia, lakini sasa wajuana na majirani. Hatukuwa na la kumjibu.

Wako nao watakaotwambia kwamba tunajisumbua, maana hata katika nchi ya Makka na Madina mambo haya yameingia. Ni kweli kwamba mwishoni mwa Oktoba 2022, huko Riyadh, watu walikusanyika katika uwanja wa starehe wa Boulevard wamevaa mavazi ya vizuka, na picha zao zikaenea dunia nzima. Lakini tangu lini mtaa wa starehe wa mji wowote ukawa hoja ya dini? Na juma lile lile, tarehe 29 Oktoba, katika mtaa wa Itaewon mjini Seoul, vijana waliotoka kusherehekea Halloween walisongamana katika kichochoro chembamba chenye mteremko, na watu 159 walipoteza maisha yao. Hatusemi kwamba ile ilikuwa adhabu. Hasha, asemaye hivyo juu ya watoto wa watu na amche Mungu. Twalitaja kwa sababu moja tu. Ilipoulizwa ni nani aliyeitengeneza sherehe ile, ikaonekana kwamba haikuwa na mwenyewe. Hapakuwa na kanisa lililoita watu, wala mzee wa mtaa, wala chama. Watu laki na zaidi walikwenda mahali pamoja kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba wengine watakwenda.

Na sisi tusijifanye wasafi. Nenda sokoni juma la mwisho la Ramadhani. Kumi la mwisho, ambalo lina usiku ulio bora kuliko miezi elfu, wengi wetu hulimaliza tukigombania bei ya viatu. Kampuni za simu hutupongeza kwa mwandamo kabla hatujauona. Na twamjua baba mmoja aliyeikosa sala ya Idi makusudi, akakaa ndani na wanawe, kwa sababu hakuweza kuwanunulia nguo na aliona haya watoto wa watu wasiwacheke. Dola bilioni hizo si mbali nasi kama tudhanivyo.

Sasa tuingie katika safari yetu ya Sigi. Sherehe ya shule ilifanywa Alhamisi. Jumamosi, tarehe 2 Novemba, yule baba alimchukua binti yake kwenda kumtazama bibi yake, naye ni shangazi yetu, nasi tukaenda pamoja. Sigi iko chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera ukitazama kutoka Lushoto. Kutoka Muheza barabara huingia katika mashamba, kisha huanza kupanda, na mto Sigi, ambao ndio unaowanywesha watu wa mji wa Tanga, husikika kabla haujaonekana. Wajerumani waliweka hapa mwisho wa reli yao ndogo iliyotoka Tengeni, kwa ajili ya kuteremsha mbao za msitu na kwa ajili ya chuo chao cha kilimo kilichoanzishwa Amani mwaka 1902. Reli ilikwisha kung'olewa zamani. Nyumba ya stesheni ingaliko, na sasa hupokea wageni wa hifadhi ya msitu wa Amani iliyoanzishwa mwaka 1997. Watu wa hapa, Wasambaa na Wabondei na wengine waliohamia, hulima iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, na kwa mkulima huyo shilingi 20,000 si fedha ya mapambo.

Binti alikuwa amechukua mavazi yake ili amwonyeshe bibi. Mama yake alikuwa amemkatia kofia ndefu yenye ncha, ya karatasi nyeusi ya manila, na amemfungia kanga nyeusi shingoni. Tulipofika alikwenda nyuma ya nyumba, akavaa, akajipaka rangi ya midomo ya mama yake kuzunguka macho, akachukua ufagio wa njiti, akatoka uani anaruka. Watoto wa jirani walikuja mbio, wakacheka sana, na sisi wakubwa tukacheka. Mmoja akamwuliza yeye ni nani. Akasema, "Mimi mchawi." Yule mtoto akamtazama, akasema, "Mbona wapanda ufagio? Wa huku hupanda ungo." Wakacheka tena. Kisha mwingine, mdogo kuliko wote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Macho yake kama ya bibi."

Hapakucheka mtu.

Macho ya shangazi yetu ni mekundu. Amepika kwa kuni zaidi ya miaka 60 katika jiko lisilo na dirisha, na moshi umeyafanya vile. Mjane, mkongwe, anakaa peke yake, macho mekundu. Msomaji wa Kitanzania hahitaji tumfafanulie hesabu hiyo. Katika nchi hii, hasa katika mikoa ya upande wa ziwa kama Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho kama hayo, ambayo hayakuwa na kosa ila moshi wa jiko. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na watu waliodanganywa na waganga, hata Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria ya uchawi iliyowekwa na Waingereza mwaka 1928 haikufutwa mpaka leo, na tangu zamani hizo imehesabu kumsingizia mtu uchawi kuwa ni kosa. Walakini panga halisomi sheria. Na Usambara si ya kuachwa nje ya habari hii. Milima hii iliwaheshimu wafalme wa Vuga, kama Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, kwa uwezo waliodhaniwa kuwa nao juu ya mvua, na mvua inapokosekana watu hutafuta wa kulaumiwa. Katika Sigi hatujasikia kwamba ameuawa mtu. Lakini maneno huwako, na maneno ndiyo yatanguliayo.

Huku ndiko hoja zetu zote za ikweta na majani makavu zilipoonekana ndogo. Mtoto wa Chicago huvaa kofia ya mchawi kwa kuwa babu zake walikwisha kuacha kuogopa wachawi. Nao waliogopa, tena waliwachoma na kuwanyonga watu kwa maelfu huko Ulaya, wengi wao wanawake, katika karne ya 16 na ya 17. Kisha hofu ikafa, na kilichobaki ni kofia. Kofia ikawa mchezo kwa sababu haina mtu ndani yake. Hapa kwetu mtu yungali ndani. Twaletewa mzaha wa watu waliomaliza msiba wao, tuufanye katika nyumba ambayo msiba haujatoka.

Sisi Waislamu twasadiki kwamba sihiri iko, maana Qurani imeitaja, na kuifanya ni katika madhambi makubwa. Lakini kumzulia mtu jambo asilolifanya ni buhutani, nayo ni dhambi kubwa vile vile, na katika dhambi mbili hizi ya pili ndiyo tuifanyayo barazani kila siku bila ya kutawadha tena. Na juu ya kutishana, imepokewa kwamba masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenziwe akaichukua kamba yake kwa mzaha, na yule alipoamka akashtuka, Mtume (s.a.w.) akasema kwamba haimfalii Mwislamu kumtia hofu Mwislamu. Kamba tu, tena kwa mchezo. Tulikuwa tumeisoma habari hii mara nyingi, wala hatukuikumbuka pale simu ilipolia. Tuliyakumbuka majira.

Shangazi hakugomba. Alimwita mtoto, akamkalisha juu ya mkeka, akachovya ncha ya kanga yake katika mafuta ya nazi, akaanza kumfuta macho taratibu. Akamwambia, "Mke mwenzangu, kofia yako nzuri. Mama yako ajua kukata karatasi. Lakini jina hilo usilivae hapa. Hapa lina watu wake." Mtoto akauliza, "Watu gani, bibi?" Shangazi akasema, "Geuka, jicho la pili."

Baba yake alitoka nje akasimama karibu na mti wa karafuu kwa muda mrefu. Tulimfuata, tukataka kumwambia kwamba tulimwonya, kwa bahati njema hatukusema. Yeye ndiye aliyesema. "Kaka, ulinambia nimkataze. Ungenambia sababu hii, ningemkataza. Ulinambia ni ya Wazungu. Na shule yenyewe ni ya Wazungu, na suruali niliyovaa." Tulikubali kwamba ndivyo.

Juma lililofuata alikwenda shuleni kuonana na mwalimu, wala hakwenda kwa hasira. Alimweleza habari ya macho ya bibi. Mwalimu, naye ni mama wa Kikristo, mtu mzima, alimsikiliza bila ya kumkatiza, kisha akasema kwamba sherehe ile imo katika ratiba waliyoletewa pamoja na vitabu, na kwamba yeye mwenyewe hakuipenda lakini alidhani wazazi ndio waitakao, kwa kuwa wote walilipa. Baba akasema kwamba wazazi walidhani shule ndiyo iitakayo. Wakatazamana. Waliafikiana kwamba mwaka 2025 watoto waje na vitu vya mashambani kwao, maboga yakiwamo, yapikwe na kuliwa pale pale shuleni, na asiwepo mchawi wala maiti. Oktoba 2025 karatasi ilikuja tena, na boga lile lile lenye meno, ila mahali palipoandikwa mavazi ya kutisha paliandikwa mavazi ya kupendeza. Shilingi 20,000 hazikubadilika.

Binti alikwenda amevaa baibui la Idi alilokuwa amekwisha kulikua, mikono ikaishia chini ya viwiko, na kikapu cha pilipili manga kutoka Sigi. Pilipili hiyo alikuwa ameifunga mwenyewe katika vipakiti pamoja na bibi yake, na siku tulipofika tukawakuta wanaifanya kazi hiyo uani, bibi anashika pakiti na mjukuu anamimina kwa kijaluba. Punje hazikumwagika hata moja, maana walikuwa wamepata kitu cha kupitishia: kofia ya karatasi nyeusi, imekatwa ncha, imegeuzwa juu chini.